Naomba ushauri, nichukue kozi ya eksirei au ya kuandika noti za wagonjwa wa mgongo?

Wakuu habari zenu, mi ni kairoprakta (mtaalamu wa kunyoosha pingili za mgongo kwa mikono) huku California, leseni inataka masaa 24 ya kozi kila mwaka na nimebakiza kama kumi hivi. Sasa sijui nijikite kusoma eksirei na MRI za pingili au uandishi wa noti, maana klemu mbili (madai ya malipo ya bima) za wazee zimerudi na kosa ni langu, niliandika maumivu na misuli kukaza basi, kumbe Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kwenye vile vigezo vinne vya kuonyesha pingili ina tatizo wanataka viwili na kimoja lazima kiwe pingili kukaa vibaya au kugoma kujongea. Ila eksirei za wazee nazo zinanitoa jasho jamani. Aliyesoma mtandaoni, inaingia kichwani kweli?