Pikipiki iliyotumika kwa safari za peke yangu na za watu wawili

Swali: Ndugu zangu, naishi Morogoro na kwa kawaida husafiri peke yangu, lakini mara moja moja mke wangu hupanda nyuma, pamoja na mizigo, tukielekea Iringa kupitia mlima wa Kitonga. Nimepata Suzuki V-Strom 650 na BMW R1200GS, zote zimetumika. Ipi itanifaa?

Jibu la kwanza: Kaka, mimi ninayo V-Strom. Injini yake ya sentimita za ujazo 645 inatosha kabisa ukiwa peke yako. Mkiwa wawili, zungusha kitasa kilicho ubavuni ili kukaza springi ya nyuma kabla ya kuondoka, la sivyo nyuma itadidimia na taa itamulika matawi ya miti. Mnyororo nao unataka kusafishwa na kupakwa mafuta mara kwa mara.

Jibu la pili: GS hubeba wawili kwa utulivu zaidi, tena hutumia shafti badala ya mnyororo. Hata hivyo, ni nzito, na kabla hujalipa isimamishe kwa stendi kuu, ushike gurudumu la nyuma juu na chini, kisha ulitikise: likicheza, huenda beringi zimechoka, na gharama yake hutaipenda.

Muuliza: Nawashukuru. Jumamosi nitakwenda na mke wangu azikalie mwenyewe, maana goti lake halivumilii vikanyagio vilivyo juu mno.