Kumchukua mtendaji mkuu wa klabu nyingine akiwa bado ana mkataba: mnaanzia wapi?

KonaYaJinja

Wadau, salaam. Klabu ipo ligi kuu ya Uganda na bodi imeshapitisha kuajiri mtendaji mkuu wa kudumu kabla ya msimu mpya. Mtu anayetakiwa yuko klabu nyingine ya ligi hiihii, amekaa huko miaka mitatu na mkataba wake umebakiza miezi 14. Inasemekana klabu mbili nyingine nazo zinamnyemelea.

Naomba wanaoijua kazi hii wanisaidie. Je, tunaweza kuongea naye moja kwa moja, au ni kama mchezaji, lazima tupite kwa klabu yake? Kuna fidia? Mwenyekiti anataka kumpa milioni 8 kwa mwezi "mkononi", hiyo inatosha kuwashinda wengine? Na ni mambo gani hukwama mtu akishasaini? Hilo la mwisho ndilo linanitia wasiwasi zaidi.

WakiliWaBenchi

Ndugu Kona, kwanza ondoa mchezaji kichwani. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho zinawahusu wachezaji, na tangu Januari 2021 makocha pia. Mtendaji mkuu hayumo. Hana dirisha la usajili, hana hati ya uhamisho wa kimataifa, hana fidia ya malezi, na mkigombana FIFA haitaipokea kesi. Mbele ya sheria ni mwajiriwa tu, sawa na mhasibu wa kiwanda cha sukari. Kinachomlinda na kumbana ni Sheria ya Ajira ya 2006 na karatasi aliyoisaini.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea notisi. Sheria inaweka kiwango cha chini: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka, wiki 2; mwaka 1 hadi 5, mwezi 1; miaka 5 hadi 10, miezi 2; miaka 10 na kuendelea, miezi 3. Mtu wenu wa miaka mitatu anadaiwa mwezi mmoja, isipokuwa mkataba wake umeweka zaidi. Kwa cheo hicho miezi mitatu si ajabu.

Hiyo miezi 14 inaweza kuwa kitu au isiwe kitu. Kama mkataba una kifungu cha kuuvunja kwa notisi, anatoa notisi, anaitumikia, anaondoka. Kama ni wa muda maalumu na hauna kifungu hicho, akitoka kabla ya wakati amevunja mkataba. Hapo klabu yake inaweza kumshtaki yeye kwa hasara, na ninyi kwa kumshawishi auvunje. Wengi hudhani anayeshtakiwa ni mwajiriwa peke yake. Sivyo.

Kuongea naye si kosa. Kosa ni kumwambia "acha kazi kesho, tutalipa". Msimwombe nakala ya mkataba wake pia, huenda una kifungu cha siri. Mwombeni wakili wake ajibu kwa maandishi maswali matatu: notisi ni ya muda gani, kuna kifungu cha kumzuia kufanya kazi kwa mshindani baada ya kuondoka, na ni cha muda gani, kuna deni lolote, kama mkopo wa gari au ada ya masomo aliyolipiwa. Majibu yakija ndipo mjue kama mnahitaji kukaa na klabu yake.

Kifungu cha kuzuia kisiwatishe mno. Kwa kanuni zetu tulizorithi kutoka Uingereza, kumzuia mtu asifanye kazi ni batili mpaka aliyeweka kizuizi athibitishe kwamba ni cha haki na kwamba kinalinda jambo halali, mfano mazungumzo ya wadhamini au orodha ya wachezaji wanaofuatiliwa. Miezi mitatu hadi sita ndani ya ligi moja inateteeka. Miaka miwili Afrika Mashariki nzima, sioni jaji wa kuikubali. Na ugomvi wa kazi huanzia kwa afisa wa kazi, kisha Mahakama ya Viwanda. CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo ya Lausanne, ni kwa walioiandika ndani ya mkataba, na walio tayari kulipa kwa faranga za Uswisi.

Akishatoa notisi, mwenyekiti wenu ampigie mwenyekiti mwenzake siku ileile. Ligi ni ndogo, mtakutana tena.

MtazamaLigi

Naongeza kuhusu fidia, maana Ulaya mambo haya yamekomaa. Huko klabu humweka mtendaji anayeondoka kwenye likizo ya lazima: analipwa, lakini haruhusiwi kuingia ofisini wala kuanza kazi mpya. Waingereza huiita likizo ya bustani, yaani kaa nyumbani umwagilie maua mpaka siri ulizobeba zichuje.

Mfano wa darasani ni Dan Ashworth. Februari 2022 aliacha ukurugenzi wa ufundi Brighton, akaanza Newcastle Juni baada ya klabu hizo kuelewana. Februari 2024 Manchester United wakamtaka, Newcastle wakamweka likizo, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba wanadai pauni milioni 20. Kiasi kilicholipwa hakikutangazwa, na Julai akaanza. Desemba 2024 akaondoka United. Miezi mitano kazini baada ya takriban miezi mitano ya kusubiriwa! Fidia ile haikutoka kwenye kanuni yoyote ya FIFA. Ilitokana na urefu wa muda wa kusubiri: United walikuwa wananunua miezi. Ndivyo mnavyopaswa kuihesabu na hapa. Kama notisi ni miezi mitatu na mnamtaka baada ya mmoja, mnanunua miezi miwili, na mahali pa kuanzia mazungumzo ni mshahara wake wa miezi hiyo miwili. Msitajiwe bei ya mshambuliaji mkaikubali.

Karibu na sisi, Agosti 2020 Senzo Mazingiza aliacha utendaji mkuu wa Simba akaenda Yanga. Fikirieni mtu anayejua bajeti yote ya usajili anavuka barabara kwa mtani, dirisha likiwa wazi. Simba walimpata Barbara Gonzalez mwezi uliofuata. Upande unaopoteza mtu ndio unaofaa kutazamwa zaidi hapo: mwezi mmoja ofisi bila kichwa, usajili ukiendelea.

Brighton walijifunza hilo mapema. Ashworth alipoondoka, David Weir aliyekuwa msaidizi wake alipanda nafasi yake. Hawakumtafuta mtu nje.

HesabuNakawa

Nasema juu ya hiyo "milioni 8 mkononi", kwa sababu hapo ndipo bodi nyingi hujichoma.

Milioni 8 ghafi, yaani kabla ya makato: kodi ya mshahara ni 25,000 kwa ile 410,000 ya kwanza, kisha asilimia 30 ya inayobaki, yaani 7,590,000, ambayo ni 2,277,000. Jumla 2,302,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi asilimia 5 ni 400,000. Anabaki na 5,298,000. Klabu inaongeza NSSF yake asilimia 10, hivyo gharama yenu ni 8,800,000.

Milioni 8 *mkononi* ni hesabu nyingine kabisa. Mnalazimika kupanda hadi mshahara ghafi wa 12,549,091, kwa sababu kinachozidi milioni 10 hukatwa asilimia 10 zaidi. Kodi 3,921,636, NSSF yake 627,455, mkononi 8,000,000 kamili. Weka NSSF ya klabu 1,254,909 na gharama ni 13,804,000 kila mwezi. Tofauti na ile ya kwanza ni shilingi milioni 5 na kitu kwa mwezi, zaidi ya milioni 60 kwa mwaka. Ushuru wa huduma wa serikali za mitaa, 100,000 kwa mwaka, sijautia.

Linalotokea mara kwa mara: klabu inaahidi mkononi, inalipa mkononi, na kodi haipelekwi. URA (mamlaka ya mapato) wakija wanadai klabu, siyo yeye, pamoja na riba. NSSF nayo inatakiwa iwe imefika ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na adhabu ya kuchelewa ni yenu. Andikeni tarakimu ghafi kwenye mkataba, neno "mkononi" lisionekane popote.

Bonasi nazo mzitazame. Mtendaji asilipwe kwa ubingwa, ubingwa ni wa benchi la ufundi. Mlipeni asilimia ya udhamini *mpya* uliokwisha kuingia benki, si uliosainiwa. Asilimia 3 hadi 5 inasogeza mtu. Mikataba ya kurithi isihesabiwe, la sivyo atalipwa kwa jasho la aliyemtangulia. Tena kuna udhamini unaokuja kwa vitu: jezi, maji, vyumba vya hoteli. Amueni mapema kama hivyo vinahesabiwa na kwa bei ya nani.

Raundi7

Wenye mpira wa yai wa Marekani wana njia yao. Kwenye ligi yao, NFL, klabu huomba ruhusa kwanza kabla ya kuzungumza na mtu wa wenzao, na kumgusa bila ruhusa ni kosa lenye adhabu. Tangu 2020, klabu inayopoteza msaidizi au mtendaji kutoka jamii za wachache akawa meneja mkuu au kocha mkuu kwingine, inapewa zamu ya ziada ya kuchagua mchezaji, raundi ya tatu, katika usajili wa chipukizi wa miaka miwili mfululizo. Yaani ligi yenyewe inamlipa aliyemlea mtu. Hapa hatuna hicho, ndiyo maana watu wanafichana.

KonaYaJinja

Hesabu, umenipa kazi ya kumweleza mwenyekiti, Mungu anisaidie. Swali dogo kabla hatujafika mwisho: tunasikia moja ya klabu zinazomtaka ina fedha kuliko sisi. Kuna kitu kingine cha kumpa?

Mpanga_Ratiba

Kipo, na hakiwagharimu shilingi: mamlaka yaliyoandikwa. Mtu wa kiwango hicho anajua kwamba klabu zetu nyingi zina mwenye mali au taasisi mama nyuma yake, na kwamba cheo cha mtendaji mara nyingine ni cha kupokea wageni tu. Atawauliza, hata kama hatauliza kwa mdomo. Mpelekeeni ukurasa mmoja wenye majibu: anaidhinisha matumizi hadi kiasi gani bila kurudi kwenye bodi, nani anamwajiri na kumfukuza kocha, mazungumzo ya mchezaji anafanya nani, bajeti inapitishwa mwezi gani, anaripoti kwa mwenyekiti peke yake au kwa wajumbe tisa wenye simu tisa. Klabu yenye fedha zaidi ikishindwa kuandika ukurasa huo, mna nafasi nzuri.

Kama yuko klabu ya taasisi, angalieni pia kama ameajiriwa na klabu au na taasisi yenyewe. Wa taasisi anaweza kuwa na pensheni na bima ya familia, na hivyo havishindwi na nyongeza ya mshahara peke yake.

Sasa makabidhiano, maana umesema ndiyo wasiwasi wako. Haya ni kwa ofisi yenu wenyewe, kwa anayeshikilia kiti sasa:

Laini ya pesa za simu inayopokea viingilio. Ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mtu, ni yake. Akiondoka, fedha za mechi ya Jumamosi zinaingia kwake, na kampuni ya simu haitawapa hata taarifa ya salio. Ihamisheni kwa jina la klabu *kabla* tangazo halijatoka, na mfanye jaribio la kutuma shilingi 1,000 mwone zimefika wapi.

Akaunti ya kodi URA. Angalieni barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye TIN (namba ya mlipakodi) ya klabu. Nenosiri likisahaulika, ujumbe wa kulirudisha unakwenda kwa yule aliyeondoka.

Benki inataka azimio la bodi lililosainiwa ndipo ibadili watia saini. Pangeni wiki mbili, na mishahara ya mwezi huo ilipwe na watia saini wa zamani.

TMS ya FIFA, mfumo wa mtandaoni wa uhamisho wa wachezaji: akaunti ni ya mtu binafsi, haiazimwi. Mpya asajiliwe kupitia FUFA (shirikisho la soka la Uganda) na apate mafunzo kabla dirisha halijafunguliwa. Kutumia nenosiri la aliyetoka ni kosa hata kama alikupa kwa moyo mweupe.

Leseni ya klabu. Masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, yamegawanyika katika michezo, miundombinu, watumishi na utawala, sheria, na fedha. Jina la mtendaji na la mhusika wa fedha yamo kwenye fomu zenu, hivyo mkibadilisha katikati ya uhakiki, wajulisheni FUFA kwa barua. Kuhusu faili za afya za wachezaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazigusa. Huyo mnayemleta asije na hata ukurasa mmoja wa klabu aliyotoka, na anayewatoka asiondoke na wenu ndani ya simu.

WakiliWaBenchi

Mpanga Ratiba kanikumbusha jambo. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi 6, unaweza kuongezwa hadi 6 mingine akikubali. Mtu mnayemtoa kwenye kiti chake ataukataa, na ana haki, kwa sababu ndani ya majaribio anaondolewa kwa notisi ya siku 14. Kama bodi inausisitiza, mpeni fidia ya miezi mitatu iwapo mtamwacha ndani ya mwaka wa kwanza. Na notisi ya kwenu iwe miezi mitatu kwa pande zote mbili, kwani mwakani huenda ninyi ndio mtakaonyemelewa.

KonaYaJinja

Nimeichapa yote. Laini ya viingilio nimekwenda kuiangalia leo asubuhi. Ina jina la mtunza vifaa.