Tafiti za usafiri wa mijini zinahesabu magari au zinahesabu watu?

Mkazi wa Mbagala aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninajitahidi kufuatilia jinsi Serikali inavyoamua ni barabara ipi ipanuliwe, makutano yapi yajengewe daraja la juu na njia ipi ipewe mabasi ya mwendokasi. Dar es Salaam ina mpango kabambe wa usafiri uliotayarishwa mwaka 2008 kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, na kufanyiwa mapitio miaka kumi baadaye. Katika kipindi hicho tumepata mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni ulioanza kubeba abiria Mei 2016, Daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018 na Daraja la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Ni kazi kubwa na ninaithamini. Swali langu linahusu hatua inayotangulia ujenzi: watafiti wanaposhinda kando ya barabara wakihesabu, wanahesabu nini hasa? Je, mama anayetembea kwa miguu kwenda kuuza samaki, au kijana aliyebanwa mlangoni mwa daladala, anaingia wapi katika hesabu inayoamua fedha ziende wapi?

Mhandisi wa Barabara alijibu:

Ndugu yangu, swali lako linagusa kiini cha kazi hii, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Utafiti kamili wa usafiri wa mji huwa na kazi mbili kuu za uwandani. Ya kwanza ni kuhesabu vyombo vinavyopita katika vituo vilivyochaguliwa, kwa aina yake na kwa saa. Ya pili ni mahojiano ya kaya, ambapo wasaili hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mwanakaya jana alikwenda wapi, kwa sababu gani, kwa chombo gani na kwa muda gani. Mama uliyemtaja huonekana katika kazi hii ya pili tu. Kwa kuwa ni ya gharama na huchukua miezi, mara nyingi hufanywa wakati wa kutayarisha mpango kabambe pekee, ilhali upembuzi yakinifu wa barabara mojamoja, yaani uchunguzi wa kama mradi unafaa kujengwa, huendeshwa zaidi kwa takwimu za kuhesabu vyombo.

Takwimu hizo hubadilishwa kuwa kipimo kimoja, yaani kila chombo hugeuzwa kuwa idadi ya magari madogo yanayolingana nacho. Basi kubwa huwekwa sawa na magari madogo mawili au matatu hivi, kwa sababu kinachopimwa ni nafasi linayochukua barabarani, hata kama lina abiria sitini ndani. Kwa mhandisi anayetaka kujua barabara iwe na njia ngapi, kipimo hicho ni sahihi kabisa. Hatari huanza pale kinapovuka mipaka yake na kutumiwa kupima umuhimu wa barabara yenyewe, kwani hapo abiria sitini huwa na uzito wa watu watatu wanaoendesha kila mmoja gari lake.

Kuna jambo jingine ambalo wananchi hawalisikii, nalo ni thamani ya muda. Sehemu kubwa ya faida inayotarajiwa kutokana na barabara ya mjini ni muda utakaookolewa, na kila saa hupewa thamani kwa shilingi. Iwapo thamani hiyo itakokotolewa kwa kufuata kipato, saa ya mwenye gari itazidi mara kadhaa saa ya abiria wa daladala, na mradi unaomhudumia wa kwanza utaonekana bora kabla hata mjadala haujaanza. Uingereza kwa miongo mingi imetumia thamani za wastani kwa safari zisizo za kikazi, bila kujali kipato cha msafiri. Huo ni uamuzi wa haki ya jamii uliowekwa ndani ya kanuni za hesabu, na kwa maoni yangu sisi tunauhitaji zaidi kuliko wao.

Abiria wa Thika Road alijibu:

Nimemsoma Mhandisi kwa makini na ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila mfano wa Nairobi unanifanya nisite kuamini kwamba tatizo liko katika kuhesabu peke yake. Watu wetu walihesabiwa. Utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa na JICA kwa ajili ya mpango wa jiji ulionyesha kwamba takriban safari nne katika kila kumi zilifanywa kwa miguu. Kaunti ya Nairobi ilipitisha hata sera ya waendao kwa miguu na baiskeli mwaka 2015. Hata hivyo, mradi uliobadilisha sura ya jiji baada ya hapo ni barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Mkopeshaji au mwekezaji anahitaji mradi utakaomrudishia fedha zake, na njia ya waendao kwa miguu haitozi ushuru. Takwimu zilikuwepo mezani. Hakukuwa na kanuni iliyomlazimu mwamuzi kuzifuata.

Mpangamiji alijibu:

Ningependa kuongeza suala la kinachotokea baada ya barabara kufunguliwa. Mwaka 1994 kamati ya ushauri ya Serikali ya Uingereza, SACTRA, ilihitimisha kwamba kuongeza barabara kunaweza kuzalisha safari mpya ambazo zisingekuwepo, na hivyo faida iliyotabiriwa ikapungua. Mjadala huo ulichochewa na barabara ya M25 inayozunguka London, ambayo ilikamilika mwaka 1986 na kufurika magari mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nchi hiyo baadaye ikaweka utaratibu wa kurudi kwenye barabara kuu zake kubwa mwaka mmoja na miaka mitano baada ya kufunguliwa, kulinganisha utabiri na hali halisi, na kuchapisha matokeo.

Sisi tumepanua barabara ya Kimara hadi Kibaha, takriban kilomita 19, kufikia njia nane. Ningependa sana kusoma tathmini ya namna hiyo ihusuyo barabara hiyo, ikieleza muda wa safari ya basi na si wa gari dogo tu, pamoja na idadi ya waliogongwa wakivuka. Vivyo hivyo kwa mwendokasi: karakana ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, na mara kadhaa mvua kubwa ziliponyesha maji yaliifikia na huduma ikasimama. Siku hizo zinapaswa kuingizwa katika hesabu ya faida kama gharama.

Mkazi wa Mbagala aliandika:

Ninawashukuru nyote. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kuzipata ripoti hizi na kusema neno kabla ya uamuzi kufanywa?

Mhandisi wa Barabara alijibu:

Ndiyo, ingawa mlango ni mwembamba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa maandishi kutoka taasisi ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari za mradi, na hapo unaweza kuuliza idadi ya waendao kwa miguu na mahali pa kuvukia. JICA na Benki ya Dunia pia huweka mtandaoni tathmini za miradi waliyoifadhili. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo linalowafungia nje watu wengi wanaohusika moja kwa moja. Ukiipata yoyote, anza na jedwali la faida, tazama thamani ya saa moja ya abiria wa basi, kisha uilete hapa tuisome pamoja.