Ori-nui, maki-nui au mokume: mshono upi wa kuanzia shibori?

SindanoNili: Habari zenu wajuzi. Nataka kujifunza nui shibori, ile mbinu ya Kijapani ya kushona kitambaa na kuvuta uzi kabla ya kukitia rangi. Kati ya ori-nui, maki-nui na mokume, nianze na upi? Na rangi gani?

UziMbili: Ori-nui. Chora mstari kwa chaki ya fundi, kunja kitambaa juu yake, piga bandi (mshono wa kupitisha sindano juu na chini) milimita 2 au 3 kutoka kwenye mkunjo. Ukivuta vizuri unapata mstari mweupe wenye meno pande zote mbili. Haufichi kosa: palipolegea rangi inapenya, mstari unakatika hapo hapo. Maki-nui iache kwanza. Ule uzi unauzungushia mkunjo, sindano ikiingia upande uleule kila mara, na unakwama ukivutwa.

FundiBandi: Nakupinga kidogo, ndugu. Kinachowashinda wengi ni kuvuta, na mokume ndiyo inayofundisha kuvuta. Ni safu za bandi zilizo sambamba, zikiachana milimita 5 hadi 10, kila safu na uzi wake. Mishono ya safu jirani isilingane. Ikilingana utapata mistari ya marinda badala ya michirizi inayofanana na ya mbao, ambayo ndiyo sura ya mokume. Shona safu zote kwanza, mkia wa sentimita 8 kila uzi, ndipo uvute moja moja. Nyunyizia maji, vuta tena, kisha funga mikia miwili miwili. Kitambaa kilicholowa hubanana zaidi. Pamba nyepesi tafadhali. Jinzi itakukatia uzi.

UziMbili: Hilo la kuvuta nakubali. Basi aanze na kipande cha sentimita 30 kwa 30, nusu ori-nui, nusu mokume.

PipaLaNili: Rangi: nili. Arimatsu, mtaa wa jiji la Nagoya huko Japani, wanafanya shibori tangu mwanzo wa karne ya 17, na nili ndiyo iliyowajengea jina. Inashika juu juu, haikimbilii ndani ya mikunjo kama rangi nyingine. Pipa la fruktosi (sukari ya matunda) ni rahisi: kwa uzito, nili 1, chokaa iliyozimwa 2, fruktosi 3, kwenye maji ya moto. Likiwa tayari, maji ni ya manjano-kahawia na juu kuna utando wa rangi ya shaba. Kama ni marekani, chemsha kwanza saa nzima na magadi soda, la sivyo wanga utaacha madoa. Lowesha, kamua, zamisha dakika 2 au 3, toa hewani mpaka kijani kigeuke bluu, rudia. Kuzamisha mara nyingi kwa muda mfupi ni bora kuliko mara moja kwa muda mrefu.

SindanoNili: Na hariri je?

PipaLaNili: Si kwenye pipa hilo, dada. Chokaa nyingi huidhoofisha.

FundiBandi: Shonea poliesta nyekundu. Haishiki nili kama pamba, kwa hiyo unaiona wakati wa kufumua. Subiri kitambaa kikauke, inua fundo, ukate uzi chini yake. Mkasi ukigusa mkunjo, umetoboa.