Nyama ya musi: ladha inaharibikia wapi, porini au jikoni?

Mgeni_wa_Norrland
Wakuu, habari za humu. Naomba darasa kwa wanaowinda musi (moose, yule kulungu mkubwa wa misitu ya baridi) huku Sweden, na hata walioko Finland au Alaska. Mtihani wa uwindaji na kibali cha bunduki vimeshakamilika, na nafasi kwenye kikundi cha wawindaji cha kijijini ipo kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, msimu unapofunguliwa huku kaskazini. Swali langu ni nyama yenyewe. Mezani kwa huyu ni laini na tamu kuliko ya ng'ombe. Kwa yule ni nyeusi, ngumu na ina harufu. Mnyama ni yule yule, tena kutoka msitu mmoja. Tofauti inatokea wapi? Na kwa sisi Waislamu, uwindaji wa mbwa na bunduki unakaaje?

Bunduki_na_Kisu
Karibu, mkuu. Inaanzia kwenye risasi. Musi aliyepigwa mapafu huanguka mara nyingi ndani ya mita mia hivi. Aliyepigwa tumbo anakimbia, anajificha, anateseka, na misuli yake inamaliza akiba ya sukari. Sukari hiyo ndiyo hugeuka tindikali baada ya kufa, na tindikali ndiyo inayoilinda nyama. Ikikosekana unapata ile nyama nyeusi inayonata vidoleni na kuoza upesi.

Kwa hiyo subiri asimame ubavu. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama kwenye theluthi ya chini ya mwili, lenga hapo, nyuma kidogo ya mguu. Wageni wengi hupiga juu mno kwa sababu ya nundu: musi ana miiba mirefu ya uti wa mgongo mabegani, kwa hiyo katikati ya umbo unaloliona siyo katikati ya kifua. Risasi ikipita kwenye miiba hiyo anaanguka kama gunia, watu wanashangilia, kisha anainuka na kutokomea. Akianguka papo hapo, pakia risasi nyingine na uendelee kumlenga.

Sheria ya hapa inataka bunduki ya daraja la kwanza: risasi ya angalau gramu 9 yenye nishati ya juli 2,700 kwenye mita 100, au gramu 10 na kuendelea yenye juli 2,000. Iwe ya kutanuka. Bunduki za saizi ya risasi 6,5x55, .308 na .30-06 zote zinatosha. Usinunue bunduki kubwa inayokutisha ukivuta kifyatulio. Bora ndogo unayoipigia vizuri.

Baada ya risasi usikimbilie. Weka alama uliposimama na aliposimama yeye, subiri, kisha soma ardhi. Damu nyepesi yenye povu ni mapafu. Majimaji ya kijani yenye harufu ni tumbo: hapo rudi nyuma, subiri saa kadhaa, umwite mwenye mbwa wa kufuatilia. Mbwa huyo kisheria lazima aweze kufika ndani ya saa 2, kwa hiyo uliza ni nani anaye kabla hamjaingia msituni. Na jike akiwa na ndama, ndama ndiye anayepigwa kwanza. Hilo halina mjadala. Ndama aliyeachwa bila mama hawezi baridi.

FundiBucha
Naongezea alipoishia mkuu hapo juu, maana hapa ndipo nyama nyingi nzuri inapopotea.

Musi ana ngozi nene na manyoya yenye uwazi ndani, yanahifadhi joto hata nje pakiwa na baridi. Tumbo lake la majani linaendelea kuchacha baada ya kufa. Mpasue ndani ya nusu saa ukiweza. Kata ngozi ya shingo, tafuta umio, ulifunge fundo au kwa kamba kabla hujavuta chochote, la sivyo majani yaliyosagwa yatamwagikia kifuani. Pasua tumbo ukiweka ncha ya kisu juu, kati ya vidole viwili, usitoboe. Zungushia njia ya haja kubwa na kuiachia, kata kiwambo (ule msuli unaotenga kifua na tumbo) kuzunguka mbavu, halafu vuta vyote kwa mkupuo, koo hadi utumbo.

Ikimwagika, usioshe. Maji yanatembeza vijidudu hadi kwenye nyama safi. Kata sehemu iliyochafuka uitupe. Vivyo hivyo njia ya risasi: ondoa nyama yote yenye damu, na sentimita 10 zaidi kuzunguka, kwa sababu risasi ya madini ya risasi hutawanya chembe ambazo macho hayazioni. Wajawazito na watoto wanahusika zaidi hapo. Figo usizile kabisa, na maini ya mnyama mzima yaache pia; yanakusanya kadmiamu, madini yenye sumu, mwaka hadi mwaka.

Kisha kupoza. Hapa kuna makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni kuchelewa: joto linabaki kwenye kiungo cha nyonga na mabegani, na nyama inachacha kuzunguka mfupa huku nje ikionekana safi. Weka kijiti kifuani kibaki wazi, na mapaja yatenganishwe. La pili ni kuharakisha. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 ndani ya saa 10 za mwanzo, misuli inajikunja na hailainiki tena hata uitundike mwezi. Ndama aliyechunwa usiku wa baridi ndiye mhanga mkubwa. Baada ya saa hizo ishushe chini ya nyuzi 7.

Kutundika wenyeji wanahesabu kwa joto la siku: zidisha nyuzi za chumba kwa siku mpaka ufike 40. Chumba cha nyuzi 4, siku 10; cha nyuzi 8, siku 5. Wanaosema "wiki moja" bila kutazama kipimajoto wanabahatisha.

Mwanamsitu
Nakubaliana na yote isipokuwa 40 kwa ndama. Ndama ni laini tangu mwanzo na ana mafuta kidogo ya kumkinga; ukimtundika sana anakauka juu na unakata nusu ya sarara kuondoa gamba. Mimi naona 25 hadi 30 inamtosha. Kwa jike mzee, 40 kamili.

Anchorage_Mkongo
Salamu ndugu zangu. Huku Alaska mambo ni tofauti kwa sababu hakuna trekta la kijiji la kuvuta mnyama mzima. Dume wa kilo 700 hivi anatoa nyama tupu karibu kilo 225, na yote mnaitoa kwa migongo. Paja moja na mfupa wake linaweza kumshinda mtu mzima. Ushauri: usipige musi aliye zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka kwenye gari au mtumbwi, na kamwe usimpige akiwa majini.

Ngozi tunaitoa hapo hapo, vipande vinaingia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, vinatundikwa kivulini. Mfuko wa plastiki ni kaburi la nyama. Sheria inakutaka utoe nyama yote inayolika: shingo, kidari, nyama ya mbavu, mikono hadi goti, mapaja, sarara zote. Pembe haziruhusiwi kutangulia; zinatoka pamoja na mzigo wa mwisho wa nyama. Nyama ya porini haiuzwi huku, inagawiwa. Dume aliye kwenye msimu wa kupandana, Septemba, hujirushia mkojo mwilini, basi mkono ulioshika manyoya usiguse nyama. Harufu nyingi inayoitwa "ya porini" ni hiyo tu.

Sheikh_wa_Malmö
Kuhusu Uislamu: taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimkuta hai, mchinje. Ukimkuta amekufa kwa risasi hiyo, wanachuoni wengi wa sasa wanahalalisha. Mbwa wa musi kwa kawaida hamng'ati, kazi yake ni kumbwekea asimame. Masharti ya mwindaji ambaye si Mwislamu, muulize imamu wako, maana hapo wametofautiana.

Mama_Pilau
Sasa jikoni. Nyama hii haina mafuta ndani, ndiyo maana inawashinda waliozoea ng'ombe. Sarara na paja la ndani usizipitishe nyuzi 58 katikati, kisha zipumzike dakika 10. Kwa mishkaki, papai bichi lisizidi nusu saa. Likizidi nyama inakuwa unga. Shingo, kidari na muundi ni za pilau na mchuzi: moto mdogo, saa 2 na nusu hadi 3, na supu yake ndiyo inayopikia mchele. Ya kusaga changanya na mafuta ya ng'ombe au ya kondoo sehemu moja kwa nne za nyama, bila hivyo kababu zinavunjika.

Paja gumu lina dawa ya Kiswidi, tjälknöl. Chukua kipande cha kilo moja na nusu kikiwa kimeganda kabisa, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 75 usiku kucha. Baada ya saa kadhaa, kikilainika, choma kipimajoto katikati; kikifika nyuzi 65 kitoe, mara nyingi ni saa 10 hadi 12. Kizamishe kwenye maji lita moja yaliyochemshwa na chumvi kikombe kidogo, mililita 150, sukari kijiko, pilipili manga na majani ya mbei. Saa 5, si zaidi, chumvi inaingia haraka. Mimi huongeza iliki na kitunguu saumu. Kikate vipande vyembamba kama karatasi, kukingama na nyuzi za nyama, kikiwa baridi.

Mgeni_wa_Norrland
Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: katika mgao nikipewa kuchagua kati ya ndama na dume?

FundiBucha
Ndama. Ana kilo 60 hadi 80 baada ya kuchunwa, ni mdogo, lakini hana kipande kibaya. Dume mkubwa mchukue kama una mashine ya kusagia na friza kubwa.