Msimamizi kaweka kikombe cha chai juu ya data yangu, halafu anasema sijagundua kitu

Mche_wa_Hasira (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka sasa hivi ofisini kwa yule bwana na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo makosa ya uandishi mniwie radhi. Simtaji jina. Hakuna haja. Yule mwenye miwani juu ya kichwa anayezunguka jengo zima akiuliza nani kaona miwani yake. Mnamjua. Kila aliyewahi kufanya mradi wa utafiti binafsi sekondari ameshapita mikononi mwake, na kama hujapita, zamu yako inakuja.

Kaweka kikombe. Juu ya jedwali langu. La vipimo.

Mada yangu ilikuwa kama muziki unaharakisha ukuaji wa maharage. Mikebe 30: 15 inapigiwa muziki, 15 kimya chumba kingine, udongo uleule, maji kipimo kilekile, madirisha yanatazama upande mmoja. Sasa shina la mharagwe halikui wima, linajipinda, na rula peke yake itakudanganya. Unalaza uzi kuanzia usawa wa udongo hadi kwenye ncha, unabana kwa kucha pale ulipoishia, ndipo unaupeleka kwenye rula. Mikebe yote. Kila jioni. Wenzangu wako uwanjani, mimi nimebana uzi kwa kucha. Nyumbani walishaanza kuniombea.

Matokeo: hakuna tofauti. Wastani wa makundi mawili umepishana milimita mbili, wakati ndani ya kundi moja tu mikebe inapishana mara nyingi zaidi ya hapo. Nikaandika hivyohivyo, kwamba kwa sampuli hii muziki haukuongeza chochote. Nikachora grafu, nikaenda kifua mbele.

Bwana yule akafungua ukurasa wa mwisho (wa mwisho! hajasoma hata kichwa cha mada), akasoma mstari mmoja, akasema, "Kwa hiyo hujagundua kitu." Halafu akarudisha kurasa nyuma, akafika kwenye jedwali, na bila hata kuniangalia akatua kikombe juu yake. Chai imejaa hadi mdomoni. Meza yenyewe ina nafasi ya kushusha ndege.

Nikamwambia, mwalimu, kutoona tofauti nako ni matokeo. Akasema, "Kalete matokeo yenye sura. Majaji hawampi mtu alama kwa 'hakuna'." Yaani nikapike data. Ananiambia nikapike data huku chai yake imeshaanza kuipika! Maana kikombe kilipoinuliwa, kuna duara la kahawia limekaa kwenye safu ya wiki ya tatu, wino umesambaa, 6 imekuwa 8, na mkebe namba 11 hausomeki kabisa. Maharage ya kimya yamerefuka kwa chai.

Kikombe, wakuu. Hata kisosi hakuna.

Kipembe

Nimeshakaa mbele. Endeleeni.

dada_wa_maabara

Subiri kwanza. Uliyaimbia wewe mwenyewe au ilikuwa redio?

Mche_wa_Hasira

Simu na spika ndogo. Hilo linahusiana nini na kikombe?

dada_wa_maabara

Nataka tu kujua kama yaliteseka.

BwanaShamba_Feki

Umeyapigia muziki gani lakini? Kama ni ile ya kulialia baada ya kuachwa, hata mimi nisingekua.

Mzee_wa_Kona

Dogo pole, ila nikuulize. Wewe ndiye uliyeweka muziki, na wewe ndiye uliyepima, huku unajua mkebe upi umesikia na upi haukusikia? Hapo alitakiwa mtu mwingine akupimie bila kujua umetoka chumba gani. Kucha inaweza kusogeza uzi milimita tatu kwa mapenzi tu.

Mche_wa_Hasira

Mzee wangu, ningekuwa nasogeza uzi kwa mapenzi si ningepata tofauti? Saa hizi ningekuwa na cheti na picha ya gazetini. Mimi nimeleta kikombe hapa, tusihamie kwenye kucha.

Jibu_Fupi

Ukurasa wa mwisho ndio unaosomwa, dunia nzima. Zoea.

Mama_Pacha

Wako kaweka kikombe, una bahati. Binti yangu alipima kelele za darasani, akapanga vizuri, asubuhi, mchana, madirisha wazi, madirisha yamefungwa, bango kaandika kwa mkono wake. Kashindwa na kijana aliyeleta mtambo unaogeuza paneli ya sola kulifuata jua. Jaji akamwambia kijana, hebu uwashe. Kijana akageuka kumtazama baba yake. Baba akaja, akawasha, akaeleza na saketi. Nafasi ya kwanza! Kwenye picha ya ushindi baba ndiye kashika kombe, mtoto yuko pembeni kashika mkoba wa baba.

dada_wa_maabara

Baba yuko kidato cha ngapi?

Mama_Pacha

Cha tatu. Mwakani nasikia anakuja na roketi.

Huduma_Bora_24

Natengeneza projekti tayari masomo yote, utangulizi hadi marejeo, data safi zenye tofauti kubwa. Njoo faragha.

Jibu_Fupi

Mwanzisha uzi, huyu ndiye mtafiti ambaye msimamizi wako anamtafuta.

Ticha_Asiyelala

Naingia mimi niliye upande wa kikombe. Mnajua kusimamia wanafunzi zaidi ya sitini, kila mmoja na mada yake, na wote wanakumbuka kuwa wana msimamizi siku moja kabla ya kukusanya? Mmoja kaleta mada "Athari za teknolojia kwa jamii". Athari zipi? Anasema zote. Jamii ipi? Yote. Mwingine kagawa hojaji kwa marafiki zake watano, kaandika asilimia 80 ya vijana duniani hawapendi hisabati. Wanne hao, jamani. Wanne ndio vijana wa dunia. Mwingine hitimisho limeshaandikwa na kufungwa spairo, namuuliza data iko wapi, anasema inakuja. Na juzi nimepokea utangulizi mzuri kuliko wangu wa chuo, nikaanza kujiona mwalimu bora, hadi ukurasa wa pili nikakutana na sentensi: "Bila shaka! Huu hapa utangulizi wako ulioboreshwa." Hakuifuta. Kwa hiyo kikombe mimi nakielewa. Mtu alikuwa na kiu.

Mche_wa_Hasira

Kwa hiyo ni wewe?

Ticha_Asiyelala

Mimi nakunywa kahawa.

Msomi_wa_Usiku

Dogo, huyo bwana mchapishie habari za Emily Rosa, umwekee mezani. Mtoto wa Marekani, miaka 9, mradi wa maonyesho ya sayansi shuleni. Kulikuwa na watu wa tiba ya mguso wanaodai wanahisi nguvu za mwili wa mgonjwa bila kumgusa. Akasimamisha kizuizi cha kadibodi chenye matundu, mtaalamu anapenyeza mikono yote miwili na hamwoni mtoto. Mtoto anarusha sarafu, sarafu inaamua asogeze mkono wake karibu na kulia au kushoto, mtaalamu aseme ni upi. Wataalamu 21, majaribio 280, wakapatia 123. Asilimia 44. Sarafu yenyewe ingewashinda. Jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, likachapisha mwaka 1998 binti akiwa na miaka 11. Na alichogundua ni nini? "Hakuna." Basi.

Mche_wa_Hasira

ASANTE! Na hakuna aliyemtulia chai juu ya zile 280.

Jibu_Fupi

Mama yake alikuwa nesi, na ni mwandishi mwenza wa makala hiyohiyo.

Mama_Pacha

SI NILISEMA! Wazazi!

Nukta_Mkato

Nyie mna shida ndogo. Mimi nilikatwa alama kwa sababu kwenye marejeo niliweka mkato mahali pa nukta. Mkato mmoja. Msimamizi aliuzungushia wino mwekundu mara tatu hadi karatasi ikatoboka. Wakati huohuo watoto 25 wa shule ya msingi Blackawton, Uingereza, miaka 8 hadi 10, mwaka 2010 walichapisha utafiti wao wa nyuki na rangi za maua kwenye Biology Letters, michoro wameichora kwa penseli za rangi, na marejeo hawakuweka. Sifuri! Nyuki hawakulalamika.

Kipembe

Na zile alama ulirudishiwa?

Nukta_Mkato

Nilikata rufaa. Rufaa nayo ikarudishwa, eti tarehe nimeiweka kushoto.

Mche_wa_Hasira

Poleni wote, lakini turudi kwenye mada. Alikuwa na meza nzima. MEZA NZIMA. Kulikuwa na kalenda ya zamani hapo, kulikuwa na gazeti, kulikuwa na bahasha. Mkono ukavipita vyote ukaja kutua kwenye wiki ya tatu.

Fundi_Friji

Mbona mpaka sasa hakuna aliyemtaja Mpemba?

Kipembe

Nilikuwa nahesabu. Uzi wa sayansi usipomtaja Mpemba unafutwa.

Fundi_Friji

Na atajwe. Erasto Mpemba, 1963, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika. Wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka yasiyochemshwa. Kumuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Shule iliyofuata akauliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likageuza kuwa utani wa kila siku. Mpaka alipofika mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne. Kijana akauliza lilelile, wenzake wakacheka, mgeni akaenda kujaribu. 1969 wakachapisha pamoja kwenye Physics Education. Yule mwalimu wa mwanzo angekuwepo leo, kikombe angekiweka palepale.

Mzee_wa_Kona

Hadithi tamu, ila malizia. 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo, wakachapisha kwenye Scientific Reports kwamba hawakupata ushahidi wa maana kuwa maji ya moto yanapoa mapema. Wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kukuletea "Mpemba" asiyekuwepo.

Fundi_Friji

Walipima kupoa hadi nyuzi sifuri. Mpemba alisema kuganda. Kupoa na kuganda ni kitu kimoja?

Mzee_wa_Kona

Kijana, usinifundishe maji.

Fundi_Friji

Mzee nakuheshimu, lakini mimi friji ndiyo kazi yangu. Barafu iliyoganda ukutani mwa friza inazuia baridi. Chombo cha moto kinaiyeyusha, kinakaa sawasawa kwenye chuma, baridi inapita vizuri. Na maji ya moto mengine yanapotea kwa mvuke, yanabaki machache ya kugandisha. Haya naona kila siku.

Mzee_wa_Kona

Unaona kila siku, umeandika wapi?

dada_wa_maabara

Mzee leo kaamka na majaji.

Mche_wa_Hasira

Jamani. Kikombe.

Msomi_wa_Usiku

Kwani hata Aristotle alishaandika kwamba maji yaliyopashwa moto hupoa haraka, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Mpemba hakuwa wa kwanza kuona, alikuwa wa kwanza kukataa kunyamaza.

Jibu_Fupi

Aristotle alisema pia nzi wanazuka wenyewe kwenye vitu vilivyooza, mpaka Redi, daktari wa Italia, alipofunika nyama mwaka 1668 na funza hawakutokea. Chagua mashahidi.

BwanaShamba_Feki

Maneno mengi. Mimi nimeweka vikombe viwili kwenye friza sasa hivi, kimoja maji yanatoka mvuke, kingine ya bomba. Nawaletea jibu.

Mche_wa_Hasira

Naomba neno kikombe kwenye uzi huu litumike kwa heshima.

Mama_Pacha

Nimekumbuka jingine. Yule baba wa mtambo wa sola, mwaka juzi alikuwa JAJI.

dada_wa_maabara

Weeee!

Nukta_Mkato

Haya lete yote, usituletee nusunusu.

Mama_Pacha

Jaji wa kitengo cha nishati, mtoto wake akiwa kitengo cha nishati. Eti alijitoa kwenye kumpa alama mwanawe, akawa anawapa alama wengine tu. Hebu nifanyieni hiyo hesabu.

Ticha_Asiyelala

Hesabu hiyo hata hojaji ya watu watano inaijibu.

Fundi_Friji

BwanaShamba, ujazo ni sawa lakini? Vyombo ni aina moja? Vimewekwa rafu moja?

BwanaShamba_Feki

Kimoja bati, kimoja plastiki. Tatizo si hilo. Mama kafungua friza, kaondoa kimoja, kaweka samaki. Sijui kilichobaki ni kipi.

Mzee_wa_Kona

Kimoja bati kimoja plastiki, bado hujui kipi ni kipi? Hukuweka lebo?

BwanaShamba_Feki

Lebo ya nini, si maji tu. Nilichomwagia ya moto sikumbuki kama ni bati. Niandikeni tu asilimia 50.

Ticha_Asiyelala

Asilimia 50. Sasa nimekutambua. Ni wewe wa "data inakuja". Kesho saa mbili ofisini kwangu, na hilo spairo lako.

BwanaShamba_Feki

Mwalimu shikamoo.