Banjo ya Johnny St. Cyr: nyuzi 4 au 6?

Mchanga wa Kodi:
Wakuu, salaam. Kwenye santuri za Hot Five, bendi ya jazi ya Louis Armstrong, banjo ya Johnny St. Cyr inasikika nzito kuliko za wenzake wa enzi ile. Alipiga nyuzi ngapi? Nina ya nyuzi 6, nimeitunia kama gitaa, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinavuma na kukorogana. Shida iko wapi?

Santuri78:
Ni 6. St. Cyr, mzaliwa wa New Orleans, 1890, banjo yake aliiunda mwenyewe: mwili wa banjo, shingo ya gitaa, tuni E-A-D-G-B-E, kuanzia uzi mnene. Wengi wa wakati ule walishika ya nyuzi 4, C-G-D-A, ambayo haishuki hadi huko chini.

Hot Five ilipoanza kurekodi Chicago, Novemba 1925, haikuwa na dramu wala besi. Mapigo yalibebwa na Lil Hardin kwenye piano pamoja na St. Cyr. Gitaa la kawaida lingemezwa na korneti (ndugu ya tarumbeta), banjo inapenya. Kumsikia akiwa mbele, tafuta Black Bottom Stomp ya Jelly Roll Morton, Septemba 1926. Pale anapiga solo mzunguko mzima wa wimbo.

Fundi Nyuzi:
Mchanga, anza na ngozi iliyowambwa kwenye mwili wa banjo. Ikilegea, nyuzi nene ndizo zinazovuma kwanza. Kaza skrubu za pete inayoishika ngozi, robo mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara. Ukizikaza kwa kufuatana, pete inainama upande mmoja. Ngozi ya ndama hulegea hewa ikiwa na unyevu, ya plastiki haina tabia hiyo.

Kisha funga seti ya nyuzi nyembamba, uzi wa kwanza uwe 0.010 ya inchi. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya ngozi, usawa wa daraja (kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi), kiiguse tu. Ukikibana, sauti inakufa.

Daraja halijagundishwa, kwa hiyo husogea. Linganisha mlio wa juu wa freti ya 12 (gusa uzi hapo bila kuubonyeza) na noti unayoibonyeza hapohapo. Ikibonyezwa inapanda? Legeza nyuzi kidogo, sogeza daraja kuelekea mkiani. Upande wa nyuzi nene huhitaji kurudi nyuma zaidi, kwa hiyo daraja likikaa mshazari usishangae.

Lakini kinachokoroga zaidi ni nyuzi wazi, zisizobonyezwa. Shika kodi zilizofungwa, yaani kila uzi unaopigwa umebonyezwa, nyuzi 4 zinatosha, na ukishapiga tu, legeza vidole bila kuviinua kwenye nyuzi. Kila pigo likatike kabla ya linalofuata.

Mchanga wa Kodi:
Asanteni sana. Na baada ya miaka ya 20 St. Cyr aliishije?

Santuri78:
Alirudi New Orleans akaendelea na ufundi wake wa kupiga plasta, muziki akiufanya pembeni. Inauma, kwa mtu aliyetunga Oriental Strut. Mwaka 1955 akahamia Los Angeles, na kuanzia 1961 akaongoza bendi ndani ya meli ya Mark Twain pale Disneyland. Ujanani alikwishapiga kwenye meli za mto Mississippi, bendi ya Fate Marable. Alifariki Juni 1966.